Viza Yangu na Nyumba Iliyojaa Watu

Mama yangu alipenda kusema kwamba mimi huchemka kabla moto haujawashwa. Alisema kweli. Nimekasirika maisha yangu yote, na mara nyingi niliowakasirikia hawakuwa na kosa, halafu nimecheka peke yangu njiani. Lakini sijawahi kukasirika kama mwaka ule wa viza, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na nilitaka kitu kimoja tu duniani, yaani kwenda Ulaya kujifunza kukata nguo.

Kwetu ni Kisangani, mtaa wa wavuvi, karibu na maporomoko. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mvuvi kama baba yake. Kila msimu maji yakianza kupungua, yeye na ndugu zake walisimika miti mikubwa katikati ya mawe, wakaifunga kwa kamba za porini, kisha wakashusha kutoka juu yake vikapu virefu vyenye mdomo mpana, hadi ndani ya maji yanayokimbia. Samaki akisukumwa humo hawezi kugeuka. Mama alikuwa akiwabanika samaki hao na kuwauza sokoni. Nguo zetu zote zilinuka moshi, hata za Jumapili, na mimi nilikuwa nikizifua mara mbili mbili kwa sababu nilikuwa na madaha.

Nilijifunza kushona katika nyumba ya mafunzo ya akina mama, ambayo sisi tuliiita foaye. Wazungu waliijenga ili mama zetu wajifunze kufua, kupika na kulea watoto jinsi wao walivyopenda, na mama zetu, ambao tangu zamani walikuwa wanafua, wanapika na wanalea, walikwenda kwa ajili ya cherehani. Mimi nilikwenda kwa ajili ya cherehani na sikutoka tena. Nilipofikisha miaka kumi na minane nilikuwa msaidizi wa mwalimu, nikiwafundisha wanawake wenye umri wa mama yangu kukata kanzu ya mtoto bila kupoteza kitambaa. Baadhi yao walinicheka waziwazi. Niliwafokea, wakacheka zaidi, lakini kanzu zilitoka nzuri.

Mkuu wa foaye alikuwa mama wa Kibelgiji, mrefu, ambaye hata akikasirika alinong'ona. Sote tulimwita Madamu. Siku moja aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniambia kwamba kuna nafasi ya msichana mmoja kwenda kwao kwa mwaka mmoja. Nusu ya mwaka ningekuwa shuleni, nusu nyingine katika karakana ya kushona nguo za watoto, nifanye kazi pamoja na wafanyakazi wao. Ningelala kwa familia moja, na Jumapili ningekutana na wanawake wa kule niwaeleze tunavyoishi huku, tunavyopika, tunavyolea, tunavyofunga kitambaa kichwani. Baadaye ningerudi kufundisha. Madamu aliita jambo hilo kubadilishana, na alipolitamka neno hilo alisokota vidole vyake viwili pamoja, nami nikaitikia kabla hajamaliza.

Sikuuliza kama kule ni baridi wala kama familia ile itanipenda. Nilitaka kwenda, basi. Nilitaka kuona wanavyochora nguo kwenye karatasi kabla ya kugusa kitambaa, kwa sababu Madamu alituonyesha mara moja karatasi kama hizo, na tangu siku hiyo nilikuwa nikiziona hata usingizini.

Kutoka koloni, kwa mtu mweusi, kulihitaji ruhusa ndefu kuliko safari yenyewe. Ruhusa ya mwisho ilikuwa na jina la Kifaransa lisiloisha, lakini mtaani tuliiita viza, kwa kuwa bila muhuri wake mtu hapandi ndege. Nilichanjwa mikono yote miwili. Nilipigwa picha ya kifua na picha ya uso. Polisi waliandika kwamba sijawahi kuiba. Padri aliandika kwamba nimebatizwa. Papa alitia kidole gumba kwenye karatasi ya idhini siku ileile niliyomletea, akakifuta kwenye suruali, akasema, “Bon. Mutoto anaenda kuona. Akirudi atatuambia.” Wino haukutoka kwenye suruali ile mpaka ilipochakaa.

Mama hakukataa wala hakukubali. Alikuwa akipanga samaki juu ya moshi, na kila nilipoanza habari ya safari aliwageuza samaki ambao hawakuhitaji kugeuzwa.

Jambo lililobaki lilikuwa ukaguzi wa nyumba. Afisa mmoja wa serikali alipaswa kuja kwetu aone kama tunaishi kistaarabu, neno lao hilo. Alitaka kujua kama tunalala vitandani, kama tuna choo, kama tunakula mezani, na kama msichana anayetoka nyumba hii hatawaaibisha huko aendako. Madamu aliniambia siku atakayokuja, akanishika bega, akanong'ona kwamba nisiwe na wasiwasi, nyumba yetu anaijua, ni safi.

Nyumba ilikuwa safi kweli. Tulikuwa na sebule na vyumba viwili, kuta za udongo zilizopakwa chokaa, na bati jipya juu. Kilichopungua tulikiazima kwa jirani yetu, bibi wa Kiislamu ambaye babu zake walikuja Kisangani na misafara ya biashara ya zamani, na ambaye hakuacha tusahau hilo. Bibi alituazima meza yake yenye miguu ya kuchongwa, kitambaa chake cha mahameli, na vikombe vya kahawa vyenye ukingo wa dhahabu. Alivileta mwenyewe, kimoja kimoja, kana kwamba anabeba mayai. “Kikombe kikivunjika,” alisema, “mutoto yako asiende Ulaya, akuje kwangu kufua mpaka nikufe.”

Na hapa ndipo tulipoharibu, na hakuna watu wengine ambao wangeweza kuharibu namna ile.

Kwetu, mgeni mkubwa akitangazwa, huwezi kumpokea na watu watatu. Ni matusi. Ni kumwambia kwamba hujamtaja kwa ndugu zako, au kwamba huna ndugu. Basi Mama, bila kuniambia, alipeleka habari. Aliipeleka kwa shangazi zangu ng'ambo ya mto. Aliipeleka kwa wavuvi wote wa ukoo wa Papa. Aliipeleka hata Basoko, mbali chini ya mto, kwa mdomo wa mabaharia, kwa mdogo wake Papa, ambaye ni tonton wangu na ndiye mtu mwenye sauti kubwa kuliko wote niliowahi kuwajua. Asubuhi ya ukaguzi niliamka nikamkuta tonton sebuleni amevaa koti, na nyuma yake mkewe, watoto wake, wakwe zake, na kikapu cha samaki wakavu. Mpaka afisa anafika, watu walikuwa wamejaa sebuleni, vyumbani, barazani na mlangoni, wote wamevaa vizuri, wote wameketi wima. Vitoto vilikaa chini vimepangwa kwa urefu. Nilivimba kwa fahari. Nilidhani tumemaliza kazi.

Afisa alikuwa kijana, pua imebabuka kwa jua, na alikuja na Madamu. Alisimama mlangoni kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Tukampigia makofi. Akapitishwa mpaka kwenye kiti, akapewa kahawa ndani ya kikombe cha dhahabu, na Mama akamwekea sahani ya lituma, ile ndizi tunayoiponda mpaka inalainika, na juu yake kichwa cha samaki mkubwa kuliko wote wa siku ile. Kichwa hupewa mgeni. Afisa alikitazama kichwa, nacho kikamtazama. Lakini nimsifu, alikula kidogo pembeni ya shavu, akasema aksanti.

Halafu alitoa kalamu akaanza kuhesabu watu, midomo ikimcheza. Alifika mahali akapotea, akaanza upya. Kisha akauliza kwa Kiswahili cha wazungu wa serikali, kile kisicho na tafadhali, “Nani analala ndani ya hii nyumba?”

Papa alifungua mdomo ajibu, lakini tonton alikuwa ameshasimama. Aliliona swali hilo kuwa swali la heshima, nani ni wa hapa na nani si wa hapa, na hakuna aliyekuwa tayari kumsikia tonton wa Basoko akijiita mgeni kwa kaka yake. Alikunja mkono kifuani. “Sisi bote, bwana,” alisema. “Hii nyumba iko ya sisi bote. Hata bale benye hawakufika leo, iko yabo.”

Watu wakaitikia kwa sauti moja. Afisa akaandika. Madamu alikuwa ananitazama, nami nikamtabasamia.

Jibu lilipokuja, Madamu alinisomea akiwa amesimama. Nyumba ina watu wengi kupita kiasi kinachokubalika kwa afya na maadili. Ombi limekataliwa.

Nilikimbia kutoka foaye hadi nyumbani na viatu mkononi. Nilimkuta Mama uani na samaki wake, nikamfokea mbele ya majirani, nikasema maneno mengi, na la mwisho likiwa kwamba ni watu wake ndio waliobomoa safari yangu.

“Ulitaka akute nyumba tupu?” Mama aliuliza. Hakupandisha sauti. “Aseme huyu mutoto hana batu?”

“Ndiyo, njo vile nilitaka!” nilisema. “Tupu! Kabisa!”

Mama alinitazama kidogo, akageuza samaki.

Madamu hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikwenda kwa wakubwa akanong'ona, akarudi akanong'ona tena, mpaka wakakubali afisa aje mara ya pili. Safari hii niliichukua nyumba mikononi mwangu. Tonton alirudishwa Basoko kwa boti, amenuna, amebeba samaki zaidi ya aliokuja nao. Wadogo zangu niliwatuma sokoni. Shangazi zangu niliwaambia kwamba yeyote nitakayemwona upande wetu wa mto siku hiyo si shangazi yangu tena. Nyanya yangu, mama yake Papa, ambaye alilala chumba cha nyuma na hakuwa na nguvu ya kutembea, tulimbeba na kitanda chake hadi kwa Bibi jirani, yeye akicheka njia nzima kama bibi harusi. Na Mama, nilipomwambia kwamba yeye abaki, afisa anaweza kutaka kumwona, alichukua mshipi wake, akajifunga, akasema, “Ulisema tupu.” Akaenda kwa Bibi.

Basi afisa alimkuta Papa peke yake kwenye kiti, na mimi nyuma yake nimesimama. Sakafu ilikuwa inang'aa. Vitanda vilitandikwa bila kunjo. Papa nilikuwa nimemkanya ajibu kidogo, kwa sababu Papa akianza habari ya samaki mmoja huwa jua linatua samaki hajafika ufukweni. Alijizuia vizuri mno. Niliona jasho likimtoka kwa juhudi ya kunyamaza.

“Mama ya huyu mutoto?” afisa aliuliza.

“Hayuko hapa, bwana.”

“Ndugu zake?”

“Hawako hapa.”

“Na ule mukubwa wa koti? Na bale batu bote?”

“Hawako hapa, bwana,” alisema Papa, akanitazama aone kama amefanya vizuri, nami nikamkonyeza kwamba ndiyo.

Afisa alizunguka vyumbani. Alirudi, akasimama katikati ya sebule, akatazama viti vitupu, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeridhika. Hakuandika chochote. Aliaga.

Kesho yake Madamu aliniambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Nyumba haina kosa. Tatizo sasa ni kwamba afisa anaogopa sitarudi. Kazi yao, alisema, si tu kujua nani anaondoka, ila pia kujua nani atarudi, na msichana ambaye hana mtu wa kumngoja nyumbani anaweza kupotelea huko. Watu aliowaona mara ya kwanza anadhani tuliwaazima, kama vile vikombe. Nifike ofisini kwa afisa Ijumaa, mimi na mzazi, aamue.

Nilicheka. Sikuweza kufanya kitu kingine. Mara ya kwanza nilikuwa na watu wengi mno, mara ya pili sina mtu. Nilikwenda kuketi juu ya mawe ya mto, mahali ambapo maji yanapiga kelele kiasi kwamba mtu anaweza kulia bila kusikika, nikalia kwa hasira. Sikuwa na huzuni bado. Huzuni ilikuja jioni, nilipowaza kwamba nitarudi kukata kanzu zilezile kwa kipimo kilekile cha mkono, na kwamba kuna mwingine, mahali pengine, atakayepewa zile karatasi za kuchora.

Papa hakuweza kwenda Ijumaa. Maji yalikuwa yamebadilika ghafla, miti miwili imelegea, na mvuvi asipokuwepo siku kama hiyo hupoteza vikapu vyote. Nilimwelewa, hata hivyo nikanuna. Tulikuwa tumekaa uani, nikasema kwamba basi yamekwisha, nitakwenda peke yangu nikasikie hapana.

“Minakwenda mimi,” alisema Mama.

Nilidhani nimesikia vibaya. Bibi jirani, aliyekuwa amekuja kuchukua meza yake kwa mara ya pili, ndiye aliyenieleza, huku Mama yupo, kana kwamba hayupo. Dirisha lake linatazama sebule yetu. Siku ya ukaguzi Mama alikaa pale dirishani toka afisa alipoingia hadi alipotoka. Alisikia kila neno. “Mama yake, hayuko. Ndugu, hawako,” Bibi aliiga sauti ya Papa. “Nilimupa mama yako kahawa, hakukunywa. Kahawa yangu!”

“Sitaki aende,” Mama alisema, akimwambia Bibi, si mimi. “Nilisemaka? Sikusema. Lakini batu basiandike ku karatasi kama mutoto wangu hana mama. Ile, hapana.”

Ijumaa tulitembea mpaka mjini. Mama alivaa liputa lake la bluu, kitenge chake cha Pasaka, na blauzi niliyomshonea mwenyewe. Alitembea mbele. Nilitamani kumwambia afanye hivi, asiseme vile, ajibu kidogo, lakini nilikumbuka majibu kidogo yalivyotufaidia, nikafunga mdomo. Ofisini dirisha la watu weusi lilikuwa upande wa nyuma, penye benchi. Tulingoja hapo mpaka jua likatuhamisha upande wa pili wa benchi. Hatimaye tukaitwa ndani.

Afisa alimtazama Mama, akanitazama mimi. “Papa iko wapi?”

“Iko ndani ya maji, bwana,” nilisema. “Miti imelegea.”

“Idhini ni ya papa.”

Ndipo Mama alipojibu. “Papa alishatia kidole. Mimi nimekuja unione.”

Afisa aliweka kalamu chini, nadhani kwa mshangao. Mama alisimama pale, mikono imeshikana mbele, ajionyeshe. Hakuinama wala hakutabasamu. Afisa akasema, kwa sauti ya chini kuliko alivyozoea, “Bon. Minakuona, mama. Sasa sema. Huyu mutoto atarudi?”

Mama alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri hadharani, huku wengine wanangoja.

“Weye, bwana,” alisema, “uko na mama?”

“Ndiyo.”

“Iko wapi?”

“Kule. Ku Ulaya.”

“Siku ulitoka kuja huku, alifanya nini?”

Haikuwa hila. Nimefikiria swali lile miaka yote, na nina hakika Mama hakuwa na nia ya kumshinda mtu. Alikuwa na jambo la kufanya hivi karibuni ambalo hakujua linafanywa vipi, na mbele yake aliketi mtu ambaye mama yake alishalifanya. Alitaka kujua. Alisogea hata karibu kidogo na meza.

Afisa alitazama dirishani. “Hakukuja ku meli, ku bateau,” alisema. “Papa njo alikuja. Yeye alibakia ku jikoni. Alisema iko na kazi.”

“Kazi gani?”

“Sahani. Alikuwa anaosha sahani.” Akageuza kalamu mezani. “Lakini ile sahani ilikuwa safi. Alishaosha asubuhi.”

Mama alitoa sauti, sijui kama ilikuwa kicheko. “Sahani safi,” alisema. “Oo. Pole, mama ya batu.” Na machozi yakamtoka, hayo hapo, mbele ya serikali, bila kuyafuta. “Na unamurudiliaka kule?”

“Kila kisha myaka tatu. Ku congé, ku likizo.”

“Miaka tatu iko mingi.”

“Iko mingi, mama,” alisema afisa.

“Huyu wangu anaenda mwaka moya.” Mama akavuta pumzi. “Alors, sikiliza, bwana. Mimi sitaki aende. Andika vile, kama unaandikaka. Mama yake iko, na hataki. Lakini mupatie ile karatasi, sababu yeye anataka. Atarudi. Mimi njo ninamungojea.”

Afisa hakuandika hayo. Alivuta faili langu, akalifungua mahali penye picha yangu, ile ambayo nimekunja uso kwa sababu mpiga picha aliniudhi, akainua muhuri na kuugonga. Nilikuwa nimeota sauti ile kwa miezi. Ilikuwa sauti ndogo tu, ya kipande cha mbao na meza.

Tulitoka. Mama alishuka ngazi mbili, akaketi kwenye ya tatu, na liputa lake la Pasaka, akalia kwa sauti mpaka karani akachungulia. Niliketi karibu naye. Nilikuwa na karatasi mkononi, wino bado unang'aa, nikiipepea isichafuke. Nikangoja furaha ije. Badala yake ikaja hofu. Nilikuwa nimepigania kwenda kwa muda mrefu hivi kwamba sikuwa nimewahi kufikiria kuondoka. Niliona mbele yangu kitanda katika nyumba ya watu nisiowajua, na asubuhi ambayo hakuna atakayeniita kwa namna Mama anavyoniita.

“Mama,” nilisema, “mimi naogopa. Nabaki. Nawarudishia karatasi yao.”

Aliacha kulia papo hapo. Alinigeukia na macho mekundu, na niliona kwa mara ya kwanza hasira yangu mimi ikitoka kwa mtu aliyenizaa.

“Unabaki?” alisema. “Nimelia mbele ya bwana, nimelia mbele ya karani, kisha unabaki? Hapana. Simama. Hii karatasi, mimi njo nimekuombea. Utaenda kule, utaogopa, utafanya kazi, utarudi. Simama, nakuambia, unakunja liputa yangu.”

Nikasimama. Naye akanipa mkono nimwinue, akalinyoosha liputa lake.